Nimekuja Kusalimia Tu

Kageha, mjukuu wangu, aliniletea habari za kifo Jumapili moja akiwa amesimama jikoni kwangu hapa mtaani Satellite, akingoja maji ya chai yachemke. Siku za kazi yuko ofisini kule Hurlingham. Jumapili, kanisa likiisha, huja kuangalia kama babu yake amekula au anajidanganya na mkate mkavu.

"Guga," alisema, macho kwenye simu, "si kuna mtu wa TV ulikuwa unatuambia ulikutana naye ukiwa mdogo? Ile programu ya kuenda huko juu kwa nyota?"

"Bwana Taa."

"Nadhani ni huyu. Ameaga. Alikuwa mzee sana, aki."

Alinigeuzia simu. Niliona mzee wa Kizungu, shingo imekonda ndani ya kola, blanketi mapajani. Sura sikuijua. Nilimtambua kwa mkono wake wa kulia, uliokaa juu ya goti kiganja kikiwa wazi, kama mtu anayengoja kuwekewa kitu.

Chini ya picha, watu wa nchi nyingi walikuwa wameandika jinsi walivyokutana naye. Kageha alinisomea akitafsiri kwa Kiswahili chake cha haraka. Mmoja alitiwa sahihi kwenye plasta ya mguu uliovunjika, na siku ya kuitoa akamlilia daktari asiikate. Mwanamke mmoja alinyeshewa kwenye foleni, yule bwana akavua koti lake akamfunika. Mwingine alimkuta kwenye kituo cha petroli akashindwa kutamka neno, akabaki anamwangalia mpaka tangi la gari likafurika. Hapo tulicheka wote wawili.

"Ngoja, hii ni yeye mwenyewe anaongea. Ni ya kitambo."

Alikuwa ukumbini mbele ya mashabiki wake, ameulizwa ni shabiki gani hawezi kumsahau. Alifikiri kidogo. Alisema karibu kila mtu aliyemjia maishani mwake alikuwa na kitu anachotaka: sahihi, picha, kifungo cha koti, kazi ya mtoto wake. Isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa mvulana wa Nairobi, miguu mitupu, amebeba kuku. "Nilimuuliza anataka nini," Kageha alitafsiri, sauti yake ikianza kupungua, "akasema hataki kitu. Amekuja kunisalimia tu." Akasema hajakutana tena na mtu wa namna ile, na kwamba kila dunia ilipomchosha kwa ulafi wake, alimkumbuka yule mtoto. Ukumbi ulipiga makofi.

Kageha aliweka kiganja mdomoni. "Guga. Huyo ni wewe."

Nilimwambia maji yamechemka.

Nawaandikia ninyi wa rika langu, mnaokumbuka televisheni ikiwa kabati la mbao lenye milango, likifungwa mchana ili watoto wasilichezee. Baba alikuwa mtunza bustani wa familia moja ya Wazungu huko Loresho, enzi ambazo ukisimama langoni uliona kahawa tu mpaka macho yachoke. Tuliishi chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa, karibu na karo ambako mama alifulia nguo za wenye nyumba. Tulikuwa tumetoka Maragoli. Huko shamba la babu lilikuwa limekatwakatwa mpaka halikumtosha baba na ndugu zake, na baba alipenda kusema kwamba alikuja Nairobi kulima vitu visivyoliwa.

Dada yangu Mideva alinizidi umri, lakini mimi ndiye niliyembeba. Alikuwa mwepesi kama kapu. Macho yake yalikuwa na umanjano ambao watu wa kanisani waliudhania ni wa maembe, na mara kwa mara, hasa baridi ya Loresho ilipoingia, mifupa yake ilianza kuuma. Si kuuma kwa kulialia. Vidole vilifura, miguu ikakataa kunyooka, naye akajikunja kwenye mkeka akiwa kimya, jasho likimtoka kwenye mdomo wa juu. Leo ugonjwa huo tunauita selimundu na watoto wanaukabili kwa dawa. Wakati ule haukuwa na jina kwetu. Zahanati walimpa tembe za malaria. Mama alimkanda kwa maji ya moto. Baba alikwenda kusimama nje kati ya waridi, makasi mkononi, bila kukata kitu.

Dawa pekee iliyomsaidia Mideva, kwa kadiri nilivyoona, ilikuwa dirisha.

Sebule ya nyumba kubwa ilikuwa na dirisha pana lililotazama bustani ya nyuma, na chini yake kulikuwa na kitalu cha maua yenye harufu kali ya majani yaliyopondwa. Jioni moja kwa wiki, kabla giza halijaingia, watoto wawili wa Memsabu, mke wa mwenye nyumba, walifunguliwa milango ya kabati la televisheni. Nilimbeba Mideva mgongoni, nikapita nyuma ya tangi la maji, tukachuchumaa kwenye maua, pua zetu zikigusa kioo baridi. Pazia halikufungwa kamwe jioni hizo. Sijui kama Memsabu alisahau au alikuwa anatuachia makusudi. Ningependa kuamini alituachia.

Tuliona kila kitu. Hatukusikia neno.

Programu yenyewe ilihusu watu waliokuwa ndani ya chombo kirefu cheusi kilichopita kati ya nyota. Humo ndani mlikuwa na chumba cheupe, na katika chumba hicho watu wengi walilala kwenye vitanda vilivyofunikwa kwa kioo, macho wameyafumba, mikono kifuani. Kisha aliingia yeye. Alivaa nguo iliyong'aa, na katika kiganja chake cha kulia mliwaka taa ndogo. Aliinama juu ya mmoja wa wale waliolala, akaweka kiganja juu ya kifua, akasema maneno machache. Kioo kilifunguka. Mgonjwa aliinuka, akaweka miguu chini, akaenda zake.

Nilisema mgonjwa. Hivyo ndivyo nilivyoona. Mtu aliyelala mchana mikono kifuani, kwetu, alikuwa mgonjwa. Na mtu aliyemgusa akainuka alikuwa mganga, wala sikuhitaji kuambiwa. Mideva ndiye aliyempa jina la Bwana Taa, na kwa kuwa sauti haikutufikia, yeye ndiye aliyemsemea. Alinong'ona kwa sauti nzito, midomo yake ikienda sawasawa na ya yule bwana: "Inuka, mwana. Uji umeiva." Mgonjwa aliinuka, sisi tukacheka ndani ya viganja vyetu. Kila mgonjwa aliambiwa hivyo hivyo. Uji umeiva.

Kwa hiyo, Shem, dereva wa Memsabu, aliposema Bwana Taa anakuja Nairobi, sikushangaa sana. Mganga huenda kuliko na wagonjwa.

Shem alikuwa mtu wa kwetu, mrefu, mwenye kofia aliyoivua kila alipotaja jina la Mungu. Alisema watoto wa Memsabu walikuwa hawalali kwa furaha. Yule bwana alikuwa njiani kwenda kutazama wanyama, na duka moja la televisheni kule Biashara Street lilikuwa limemwomba asimame dukani alasiri moja, watu waje wamsalimu. Shem angewapeleka watoto.

Mideva alikuwa kwenye mkeka siku hiyo, magoti yamefura. Baba alikuwa ameshaomba kwa Memsabu gari limpeleke hospitali kubwa wiki iliyofuata, na akakubaliwa. Nilimweleza Mideva habari za Shem.

"Utaenda na nini?" aliniuliza.

"Nitaenda nimwambie aje."

"Mikono mitupu? We umelelewa na nani?"

Lazima niwaeleze jambo hili, ingawa wengi wenu mmelelewa nalo. Kwetu, mtu mwenye shida haiweki mlangoni. Baba mdogo alikuja kututembelea mara moja kutoka nyumbani. Alipoulizwa kulikoni, alisema, "Nimekuja kuwasalimia tu." Alikunywa uji, akala ugali na kuku, akapewa firigisi kwa heshima yake, akasifu mvua. Akiwa amekwisha kunawa mikono ndipo aliposema nyumba yake imeungua na watoto wanalala kwa jirani. Nilikuwa nimekaa pembeni nikitazama, na nikaelewa kwa akili ya mtoto: chakula ndicho kinachofungua masikio ya mtu mkubwa. Kabla hajala, hata ukimwambia, hasikii.

"Mpelekee Nabweya," Mideva alisema.

Nabweya alikuwa kuku wake, mtetea mwekundu aliyetaga kwenye sanduku chini ya kitanda cha wazazi. Mama alimpa awe wake ili awe na kitu cha kuangalia akiwa amelala.

"Anataga," nilisema.

"Ndio maana. Ukipeleka jogoo mzee atajua tulikuwa tunamtafutia mahali pa kufia. Na umwambie firigisi ni yake, asiachie mpishi."

Alasiri ilipofika Shem alikubali nipande nyuma, akaliona kapu nilipolificha nyuma ya kiti. Watoto wa Memsabu walikuwa mbele wakigombania dirisha.

"Kuku? Kwa gari ya Memsabu?"

"Nitamshika vizuri."

"Akinya hapo, utapangusa na ulimi." Aliendesha mpaka tukatoka kwenye barabara ya vumbi. Kisha akaniuliza kwa Kilogooli, ili watoto wasisikie, "Unamwendea huyo mtu na nini moyoni?"

"Aje amwinue Mideva."

Niliona macho yake kwenye kioo cha dereva. Alinitazama, akatazama barabara, akanitazama tena. Alivua kofia akaiweka mapajani.

"Sawa," alisema baadaye. "Lakini usimrukie na shida kama mtoto asiye na wazazi. Msalimie kwanza. Akishakula, hapo sasa leta maneno yako."

Miaka mingi nimemfikiria Shem. Alijua yule ni mwigizaji anayelipwa kuvaa nguo za kung'aa; hilo lazima alilijua. Angeweza kuniambia. Lakini alikuwa amemwona Mideva kwenye mkeka, na nadhani hakuwa na kitu kingine cha kunipa isipokuwa adabu, kwa hiyo akanipa hiyo.

Dirishani mwa duka televisheni zote zilikuwa zimewashwa, na katika kila moja alikuwemo Bwana Taa, anainama, anagusa, bila sauti, kama nilivyomzoea. Foleni ilikuwa ya watoto wa Kizungu na wa Kihindi, viatu vyeusi vinavyong'aa, soksi mpaka magotini. Shem aliwasindikiza wawili wake mbele. Mimi nilisimama mwisho, vidole vya miguu vikipata joto la lami, Nabweya akiwa ametoa kichwa nje ya kapu akiwatazama watu kama mwanamke aliyeketishwa kanisani mahali asipopapenda.

Mlangoni karani wa duka alinizuia. Alikuwa kijana wa Riruta mwenye tai na miwani.

"We kijana, kuku ya nini hapa? Hii ni duka ya televisheni, si soko ya Marikiti."

"Ni ya mgeni."

"Mgeni gani?"

"Huyo."

Karani alianza kucheka, lakini yule bwana alikuwa ameshamwona kuku. Alisimama nyuma ya meza. Alikuwa mfupi kuliko nilivyotarajia. Alivaa suti ya kijivu ya kawaida, na pua yake ilikuwa imeunguzwa na jua letu ikaanza kubambuka. Hilo halikunitia shaka. Hata chifu huvua kofia ya kazi akienda sokoni. Nilichotafuta ni taa. Nilitazama kiganja chake cha kulia: kulikuwa na kalamu tu. Nikajiambia ameiacha taa hotelini, isipotee.

Alitoka nyuma ya meza akapokea kapu kwa mikono miwili. Akamtoa Nabweya, akamkumbatia kama wenye nyumba wetu walivyomkumbatia paka wao. Mpiga picha akamulika, Nabweya akapiga mabawa usoni mwake, watu wakapiga kelele, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa na kicheko kizuri. Hilo nalisema kwa haki.

"Mwambie firigisi ni yake," nilimwambia karani. "Asiachie mpishi."

"Firigisi?" Karani alijikuna shingo. "Hiyo naitaje kwa Kizungu, sasa?" Akasema kitu kifupi, ambacho naamini hakikuwa na firigisi ndani yake.

Yule bwana alimpa karani kuku. Akaweka mkono wake wa kulia juu ya kichwa changu. Kiganja kilikuwa cha moto, kikavu. Nilifumba macho nikangoja kitu kishuke kutoka kwenye kiganja kile, kiingie kwangu, nikibebe nimpelekee Mideva. Nilisimama imara ili kisimwagike.

Kisha alichuchumaa mbele yangu, suti yake nzuri ikigusa vumbi la sakafu, akaniuliza jambo.

"Anauliza unataka akufanyie nini," karani alisema. "Sema haraka, watu ni wengi."

Nimekaa na dakika ile maisha yangu yote. Macho yake yalikuwa karibu na yangu, mekundu kidogo kwa uchovu, na yalikuwa yananisikiliza. Si kila mtu mzima hukutazama hivyo ukiwa mtoto, na miguu mitupu. Maneno yalikuwepo. Nilikuwa nimeyapanga tangu Loresho: dada yangu amelala, mifupa inamuuma, njoo. Lakini alikuwa hajala. Kuku alikuwa bado hai mikononi mwa karani, ananitazama. Nikisema sasa, shida yangu itamgonga masikioni na kuanguka chini, na sitakuwa na kuku mwingine.

"Nimekuja kusalimia tu," nilisema.

Karani alitafsiri. Yule bwana hakuinuka. Alisema tena.

"Anauliza mara ya pili. Hakuna kitu kabisa?"

Mnajua wenyewe jibu la mara ya pili. Hata baba mdogo, nyumba yake ikiwa jivu, aliulizwa mara ya pili na akakataa.

"Hakuna. Kusalimia tu."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Kisha aliandika jina lake kwenye picha yake akanipa, na foleni ikanisukuma mpaka nje.

Nilikaa chini ya baraza la duka la vitambaa la upande wa pili, nikingoja ale. Watoto wa Memsabu walikuwa wamenunuliwa aiskrimu, Shem akiwafuta mikono. Hakuna moshi uliotoka nyuma ya duka. Hakuna harufu ya kuku. Foleni iliisha. Gari jeusi lilikuja, yule bwana akatoka akipungia watu mkono, akaniona kule ng'ambo, akaweka mkono wa kulia kifuani pake na kuinamisha kichwa. Akaingia, akaenda.

Baadaye kidogo karani alitoka, tai mfukoni, kapu letu chini ya kwapa.

"Mzungu amesema asante sana," aliniambia. "Hawezi beba kuku kwa ndege. Amesema nimle mimi." Aliniona uso. "Sasa unalia nini? Si ulisema ulikuja kusalimia?"

Shem alisikia. Kurudi nyumbani hakuvaa kofia yake hata kidogo.

Hapa ndipo ninapojilaumu, si pale dukani. Dukani nilitii nilichofundishwa. Mlangoni kwetu nilidanganya.

Mideva alikuwa ameegemezwa ukutani na mama, nywele zimesukwa upya. Alikuwa amejiandaa.

"Alikula?"

Nilimtazama magoti. "Alikula."

"Firigisi?"

"Ndiyo ya kwanza."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia. Atakuja. Amesema nikuambie uji umeiva."

Alicheka kwa furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote, na aliichukua ile picha akaiweka chini ya shavu alipolala. Nilidhani nimempa kitu kizuri. Nilidhani nitapata njia ya kukirekebisha baadaye, kama watoto wote wanavyodhani.

Ila Mideva alikuwa mtu wa adabu kuliko mimi. Mgeni akiahidi kuja, hamkuti mwenye nyumba ameondoka. Siku ya gari la hospitali ilipofika, alimwambia mama amepona. Alisimama. Akatembea kutoka mkekani mpaka mlangoni na kurudi, mkono mmoja ukutani, akitabasamu. Mama alifurahi mpaka akaimba karoni. Baba alikwenda kumwambia Memsabu gari halihitajiki, akarudi akakata waridi nyingi mno siku hiyo. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naye mchana, wao wakiwa kazini, na niliona anavyouma ncha ya blanketi mpaka uzi ukatoka. Aliniwekea kidole mdomoni. Nami nilinyamaza, kwa sababu kusema kwamba anaumwa kungenilazimu kusema kwamba hakuna anayekuja.

Jioni moja aliniomba nimpeleke dirishani. Nilimwambia si siku yake. Akasema anajua. Nilimbeba. Alikuwa wa moto mgongoni kama mkate. Tulichuchumaa kwenye maua. Sebule ilikuwa tupu, kabati limefungwa milango yake, na katika kioo tulijiona sisi wenyewe, mimi na yeye, jua likiwa nyuma yetu.

"Sema wewe," alininong'oneza. "Mimi nimechoka."

Nilijaribu kuifanya sauti kuwa nzito. Nilisema inuka, mwana. Nilisema uji umeiva. Aliegemeza kichwa kwenye shingo yangu, akapumua kwa haraka kama mtu aliyekimbia, na nilipotaka kumwinua turudi sikuweza. Kwa mara ya kwanza alikuwa mzito. Nilimwita mama kwa sauti iliyowatoa hata Memsabu na mpishi nje.

Shem alimpeleka hospitali, kiti cha nyuma, pale pale nilipokaa na kapu. Mideva hakurudi.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza daktari mmoja. Alinisikiliza vizuri, akasema kwamba kwa siku zile, hata angefika mapema, huenda hawangekuwa na mengi ya kufanya. Huenda. Nimeligeuza neno hilo miaka yote, na sijapata upande wake unaoniruhusu kulala juu yake.

Jumapili ile, baada ya kumimina chai, Kageha alinitafutia kipande cha ile programu. Kumbe vitu hivyo havipotei. Ulikuwa ule ule weusi na weupe, chumba kile kile, vitanda vya kioo. Tofauti ni kwamba sasa kulikuwa na sauti. Bwana Taa aliinama juu ya kijana mmoja, akaweka kiganja kifuani.

"Anasema nini?" niliuliza.

Kageha alisikiliza. "Anasoma namba yake. Halafu anamwambia zamu yako ya kazi imefika."

"Hawakuwa wagonjwa?"

"Wagonjwa? Zii, Guga. Walikuwa wamelala tu. Safari ni ndefu, so wanalala, yeye anawaamsha mmoja mmoja wakuje job." Aliniangalia. "Kwani ulikuwa unadhani nini?"

Nilivuta kikombe changu. Alirudisha ile picha ya mzee mwenye blanketi, na maneno ya watu wa dunia nzima yakiendelea kuongezeka chini yake, plasta na koti na petroli.

"Lazima tuandike na yako," alisema. "Wewe ndiye yule mtoto. Watu wataamini aje! Niandike nini?"

Nilifikiri juu ya yule bwana, jinsi alivyochuchumaa, jinsi alivyouliza mara mbili. Pengine alikwenda kaburini akifurahi kwamba kuna mtu mmoja hakumwomba kitu. Msibani kwa mtu huendi kumpokonya alichozikwa nacho.

"Andika alinipokea vizuri," nilisema. "Andika hakujua kushika kuku, lakini alinipokea vizuri."

Aliandika, akicheka. Kisha kidole chake kikasimama juu ya kioo cha simu. Kageha ana macho ya kwetu, hayapitwi na kitu.

"Na ni ukweli, Guga? Hukuwa unataka kitu kutoka kwake? Hata kidogo?"

Nilimsogezea kikombe chake, na sahani ya mkate, na nikaisukuma siagi upande wake wa meza.

"Kula kwanza," nilimwambia.